Mtu Aliyekwisha Kuona Mwisho

Katika Sholay, picha ya Ramesh Sippy iliyotoka Agosti 1975, Jai ana sarafu. Kila anapobishana na rafiki yake Veeru juu ya njia ya kufuata, huirusha juu, huidaka, huitazama, na ubishi huishia hapo. Sarafu ile ina sura moja pande zote mbili. Veeru hagundui mpaka Jai amemfia mikononi, na sisi watazamaji hatugundui mpaka Veeru agundue. Lakini katika kibanda cha video palikuwa na mtu mmoja aliyelijua jambo hilo tangu sarafu iliporushwa mara ya kwanza, na mtu huyo ndiye aliyeshika maikrofoni.

Hapo ndipo ninapowapimia watafsiri wa filamu. Mtafsiri mbovu hawezi kuivumilia sarafu. Ataguna, ataingiza kicheko pembeni ya maneno, atatuambia tuiangalie hiyo hela vizuri, na kila mwenye pua atanusa kwamba kuna kitu. Wa wastani ataitangaza kama ilivyo: karusha, imeangukia huku, basi watafanya hivi. Hodari huitangaza kana kwamba na yeye ameweka dau. Hushusha sauti sarafu ikiwa bado hewani, huacha nusu pumzi, kisha hutoa matokeo kama mtu aliyeyaona sasa hivi. Anatudanganya, ndiyo, lakini kazi aliyopewa ni kutupitisha njia ileile aliyopitishwa Veeru, na njia hiyo haina mkato.

Namzungumzia yule ambaye Wakenya humwita DJ, Waganda humwita VJ, na sisi Tanzania humtaja kwa jina lake moja kwa moja, kana kwamba ndilo jina la picha. "Hii ya Lufufu?" lilikuwa swali la kwanza kwa mkodisha mikanda, na jibu ndilo lililoamua kama pesa itatoka mfukoni. Mimi si mhakiki wa sinema. Naangalia kinachopatikana: tamthilia ya Kituruki baada ya chakula cha usiku, kung fu ndani ya basi la mkoani, picha ya Kihindi siku ya Idi. Filamu nyingi zenye tuzo zimenilaza usingizi. Lakini watu wanaotafsiri nimewasikiliza kwa makini ambayo waigizaji wenyewe hawajawahi kuyapata kwangu, na naona ufundi wao tumeucheka zaidi kuliko tulivyoutazama.

Kuna waliotazama. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Ujerumani aliyewafuatilia watafsiri wa Dar es Salaam, akiwamo Derek Mukandala ambaye ndiye huyo Lufufu, aliandika makala ambayo kichwa chake kinaiita kazi hii kugeuza wali kuwa pilau. Ni mfano mtamu, na mtu yeyote aliyewahi kusikia kung fu ikitiwa viungo vya Kariakoo ataukubali. Ubishi wangu ni mdogo tu. Pilau inahesabu kilichoongezwa, na kweli watafsiri huongeza: mizaha, methali, matusi mepesi, ushauri wa ndoa. Mimi nastahi zaidi kile wanachokizuia.

Tuanze na vifaa, maana ni vichache. Kibanda umiza cha miaka ya 1990 kilikuwa chumba cha mabati au uwanja uliozungushiwa turubai, mabenchi, televisheni iliyoinuliwa ili wa nyuma waone, deki ya VHS na spika. Nje paliwekwa ubao wenye majina ya picha za leo, yameandikwa kwa chaki na kwa tahajia ya mwenye chaki. Mtafsiri wa laivu alikaa kando ya televisheni, maikrofoni mkono mmoja, kitufe cha sauti mkono wa pili. Mkono huo wa pili ndio hakuna anayeusifu. Sauti ya filamu ilimfikia ikiwa imeshachanganywa: maneno, muziki, risasi na mvua, vyote katika mkondo mmoja. Hakuwa na njia ya kuwafuta waigizaji akabakiza mvua. Kwa hiyo kila aliposema alishusha, na kila aliponyamaza alipandisha. Akichelewa kupandisha, mlango unapigwa teke na hausikiki. Akiwahi, neno lake la mwisho linamezwa na bomu. Kwa saa mbili, tatu, mkono ule ulifuata pumzi ya picha, na mwenye mkono alikuwa wakati huohuo anaigiza watu sita wenye sauti sita.

Baadaye kazi ikaingia kwenye mkanda wenyewe. Deki mbili ziliunganishwa na mashine ya kuchanganyia sauti, moja ikicheza, nyingine ikirekodi, na mkanda uliotafsiriwa ukaanza kusafiri peke yake hadi miji ambayo mtafsiri hajawahi kuikanyaga. Kisha zikaja CD na DVD, na picha moja ikagawanywa diski mbili, kwa kawaida pale pabaya kabisa. Kurekodi kuliongeza hofu badala ya kuipunguza, kwa sababu kurudi nyuma kutafuta mahali pa kuunganishia kulikula muda na umeme. Wengi waliona afadhali kusonga mbele na kurekebisha wakiwa mbioni. Ukisikiliza kwa makini utawakamata: mtu aliyetambulishwa kuwa kaka wa steringi anaonekana dakika kumi baadaye akimbusu mke wa steringi shavuni kwa namna isiyo ya shemeji, na mtafsiri analazimika kumgeuzia undugu polepole, sentensi moja hapa na nyingine kule, hadi akawa binamu wa yule mke na hakuna aliyeshtuka.

Wengi wao hawakujua Kikantoni wala Kihindi. Walitegemea maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha, na maandishi hayo, hasa katika nakala zilizokopiwa mara nyingi, yalikatika, yalififia, au yalikuwa Kiingereza cha mtu aliyeghafilika. Ilibidi mtu aitazame picha mara kadhaa kabla ya kuigusa. Na hapo ndipo kazi inapokuwa zaidi ya lugha. Ukimwangalia mtu anayezungumza usichokielewa, ukajua kwa mabega yake kwamba anaomba radhi asiyoitaka, umeshasoma nusu ya maneno yake. Watafsiri wazuri wana jicho hilo. Nimekuja kuona baadhi ya picha hizo kwa maandishi kamili, miaka mingi baadaye, na nilichoshangaa si mahali walipokosea neno. Ni mara ngapi walikuwa wameipata nia.

Kazi hii kwetu ni ya zamani kuliko deki. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha Tanganyika mradi wa majaribio ya sinema za mafunzo, makao yake Vugiri huko Usambara. Picha zilihusu safura, mmomonyoko wa udongo, faida ya kuweka akiba Posta. Hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yaliwekwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, na gari lilizunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Baadaye, wakati wa vita na baada ya vita, magari ya sinema ya serikali yalikwenda na mkalimani mwenye kipaza sauti kando ya pazia. Yule alitakiwa afundishe. Sidhani kama alifundisha tu. Mweke kijana mwenye ulimi mbele ya kijiji kizima gizani, umpe picha ya mdudu mkubwa kama nyumba, halafu umwambie asizidishe neno.

Wajapani walikuwa na watu wa aina hii enzi za sinema bubu. Waliitwa benshi, na walikuwa mashuhuri kiasi kwamba watu walichagua jumba la sinema kwa kufuata sauti. Kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Sinema zenye sauti zilipofika, kazi ikaisha, na Heigo alijiua mwaka 1933. Kwetu mambo yalikwenda kinyume: sauti ndiyo iliyoizaa kazi ya kibandani, kwa kuwa ilikuja kwa lugha za watu.

Sasa majina. Watazamaji hamsini kwenye mabenchi, wengine wameingia picha imeshaanza, hawawezi kushika majina ya Wachina tisa. Mtafsiri huwabatiza upya kwa kile jicho linachokiona: Kipara, Mandevu, Kibonge, Mzee wa Fimbo. Linaonekana jambo jepesi, na ni jepesi mpaka Kipara avae kofia. Aliyebatiza vizuri amekwisha kuona picha mpaka mwisho na anajua nani atanyoa, nani atavunjika mguu, nani atarudi na sura nyingine kulipiza kisasi. Kwa hiyo jina hulipima kwa urefu wa picha. Steringi huachiwa jina lake, au jina la mwigizaji: Jackie Chan ni Jackie Chan katika kila picha, hata kama ndani yake anaitwa vingine. Nguvu ya majina haya si ndogo. Rambo alitoka kwenye mkanda akaingia sokoni, tukabebea nyanya kwenye mifuko ya rambo kwa miaka mingi, hadi mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019.

Narudi kwa Sholay kwa sababu sijui picha nyingine inayomtahini mtafsiri kwa mitihani mingi namna hiyo. Ina zaidi ya saa tatu. Thakur, polisi wa zamani, anawaajiri wezi wawili, Jai na Veeru, wamkamate Gabbar Singh, jambazi anayekitesa kijiji cha Ramgarh. Wapo waongeaji, na Basanti mwendesha mkokoteni wa farasi ni mwongeaji kuliko wote. Anazungumza bila kituo, na kumtafsiri neno kwa neno ni kujitakia kifo. Hodari humchukua Basanti kwa mwendo badala ya maneno. Huongea kwa kasi yake, huruka mada kama anavyoruka yeye, na hata akisema mambo yake mwenyewe, Basanti ni yuleyule.

Kisha kuna posa. Veeru anamtaka Basanti, na Jai anatumwa kwa mama mdogo wa binti kumsemea rafiki yake. Kila sifa anayoitoa inafunua aibu: kijana ni mzuri, ila anacheza kamari, anacheza kamari kwa sababu ya pombe, pombe inatokana na nyumba fulani anayokwenda kusikiliza nyimbo. Na yote anayasema kwa uso mkavu wa mtu anayetetea. Wahindi wanacheka kwa sababu zao. Sisi tunacheka kwa sababu tunamjua mshenga. Tunajua kazi yake ni kufunika, kwamba mshenga wa kweli angemfanya mlevi awe mtu wa watu na mcheza kamari awe mfanyabiashara. Mtafsiri akishamwita Jai mshenga, mara moja tu, mwanzoni, hana la kuongeza. Nimewasikia wanaoongeza, wanaoeleza mzaha huku mzaha wenyewe unaendelea, na kicheko kinakufa mikononi mwao. Anayejua kazi hulitaja lile neno, hukaa nyuma, na humwacha mama mdogo akodoe macho.

Na kuna Radha, mjane, aliyechezwa na Jaya Bhaduri. Jioni anazima taa barazani moja baada ya nyingine, na Jai amekaa ng'ambo anapuliza kinanda cha mdomo. Karibu hawasemi kitu. Kwa mtu anayelipwa kusema, hapa ni pagumu kuliko mahali popote pa filamu. Watazamaji wamelipa kiingilio wasikie sauti yake. Kimya kikizidi, mwenye kibanda atadhani spika imeharibika. Wengi hujaza. Wanatueleza kwamba dada anampenda, kaka anampenda, lakini mila, lakini ujane, lakini hivi na vile. Mmoja niliyewahi kumsikia alisema tu kwamba huyu alikuwa binti mcheshi kuliko Basanti kabla hajafiwa, kisha akapandisha sauti ya picha hadi kinanda kikajaa kibanda kizima. Hilo la ucheshi halisemwi pale. Linaonyeshwa baadaye, katika kumbukumbu za sikukuu ya Holi ya zamani. Alilitoa mbele akaliweka mahali linapohitajika. Hakuna kamusi inayomfundisha mtu kufanya hivyo.

Mtihani mkubwa kuliko yote ni shali ya Thakur. Tangu tunapoingia Ramgarh, Thakur amejifunika shali mabegani. Siku ya Holi Gabbar anakivamia kijiji, Jai na Veeru wanabanwa, na bunduki iko chini karibu kabisa na miguu ya Thakur. Haiokoti. Anasimama tu. Kibanda kinachafuka. Watu wanamtukana mzee wa watu, wanamwambia aitupe hiyo bunduki, mwingine anauliza kwa sauti kama amenunuliwa. Mtafsiri anajua kwamba chini ya ile shali hakuna mikono, kwamba Gabbar aliikata. Anajua pia kwamba akisema neno moja la huruma, hata kwa sauti tu, ataiua saa nzima ya kazi ya watu wengine. Nimewahi kumsikia mmoja akijiunga na wenye hasira. Alimlaumu Thakur kwa ukali kuliko benchi la mbele, akauliza huyu mzee ana moyo gani. Na shali ilipoanguka alinyamaza kabisa, akatuachia aibu yetu tuibebe wenyewe. Salim na Javed walioandika ile hadithi hawakujua kwamba kuna mtu angekuja kuwafanyia kazi hiyo Uswahilini, lakini nadhani wangemtambua.

Lipo pia jambo ambalo mtafsiri mwerevu huwaachia watazamaji wenyewe. Mwana wa imamu kipofu wa Ramgarh anapouawa na maiti yake kurudishwa kijijini juu ya farasi, watu wote wanakaa kimya, na mzee asiyeona anauliza kimya hiki ni cha nini. Kibanda cha pwani hakingoji tafsiri. Inna lillahi inatoka kwenye mabenchi kabla ya kutoka kwenye spika.

Ukitoka kwenye picha za Kihindi ukaingia kwenye kung fu, ufundi unabadilika. Maneno ni machache na mapigano ni marefu, kwa hiyo mtafsiri anageuka mtangazaji. Ndani yake nasikia utangazaji wa mpira wa redioni, na hesabu ya mateke inayokwenda sambamba na mateke. Mwaka 1978 ilitoka The 36th Chamber of Shaolin, ambayo sehemu yake kubwa ni Gordon Liu akifundishwa na kuteswa chumba baada ya chumba: abebe ndoo za maji mikono ikiwa imenyooka, apige kengele kwa nyundo yenye mpini mrefu, apige magunia ya mchanga kwa kichwa. Ni picha ya kusemewa. Chumba hakina hadithi zaidi ya maumivu, na maumivu yanataka mtu wa kuyasimulia.

Kwa picha za namna hiyo Wakenya wana James Muigai, DJ Afro, na sioni kwa nini nimzungukie: ni bingwa. Anawaita watazamaji wake amigos, anaingia na picha kwa kasi na hatoki kwenye kasi hiyo. Kiswahili chake ni cha Nairobi, kinachukua Kiingereza na Sheng bila kuomba ruhusa, na mtu wa Unguja atakunja uso kwa dakika tano za kwanza. Dakika ya sita ameshasahau. Kipaji chake ni kutokuacha tundu. Hata adui anapopanda ngazi, ngazi zina habari. Picha ya kulia nisingempa, na nadhani hata yeye asingeitaka. Uganda wao wameufikisha utani mbali zaidi. Nabwana Isaac wa Wakaliga, Kampala, alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie akishangilia, akitania na kuwachochea makomando ikawa ndiyo filamu kwa watazamaji wa mbali. Ukiiondoa, unabaki na vijana wenye bunduki za kuchonga. Vibanda vyao wanaviita bibanda, na desturi ni ileile: kukaa kimya mbele ya picha ni dalili ya ugonjwa.

Haki miliki? Picha hizi zilitafsiriwa, zikakopiwa na kuuzwa bila mwenyewe kuulizwa. Hilo halina utetezi wa maana, na watafsiri walilipwa palepale: kazi zao nazo zilikopiwa na watu ambao hawakuwahi kutamka neno moja kwenye maikrofoni.

Siku hizi sebuleni kwangu tafsiri ni ya aina nyingine. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, kila mwigizaji akiwa na sauti yake ya Kiswahili, na nchi nzima ikagundua kwamba mama mkwe wa Beijing ni yuleyule wa Mbagala. Miaka michache baadaye StarTimes ikaendesha shindano la sauti hapa nchini na kuwapeleka washindi Beijing kufanya kazi hiyo. Azam nao wakatuletea Sultan, yaani Muhteşem Yüzyıl ya Waturuki, na watu wakafunga maduka mapema kumfuata Hürrem katika jumba la Sultani Suleiman.

Wasanii wa sauti ni mafundi pia, na kazi yao ina ukali ambao mtafsiri wa kibanda hakuujua. Wamefungwa na midomo. Mturuki anaweza kumaliza neno midomo ikiwa imefumbwa, na maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, mdomo wazi. Anayeandika tafsiri hana budi kutafuta namna ya kuificha ile irabu ya mwisho: aisubirishe mpaka kamera imhamie mtu mwingine, au apange sentensi ili m au b iangukie pale midomo inapokutana. Sentensi yenye maana kamili lakini ndefu kwa silabi mbili haifai; inatupwa. Wao wana faida moja kubwa: wanapewa sauti ya muziki na mazingira peke yake, bila maneno, kwa hiyo chemchemi za jumba la Sultani zinaendelea kutiririka mtu akisema. Yule wa kitufe angelia kwa wivu.

Kwa tamthilia za nyumbani, zenye wivu, urithi na wake wenza, nakubali kwamba sauti nyingi zinashinda sauti moja. Mwanamke anataka sauti ya mwanamke. Ugomvi wa wifi na wifi, ukisemwa na mwanamume mmoja aliyebana koo, unageuka kichekesho hata pale ambapo haupaswi. Ila nakosa kitu. Katika tamthilia iliyotiwa sauti hakuna mtu aliyekaa upande wetu. Kila sauti iko ndani ya hadithi, inajua mambo yake tu. Hakuna anayetuambia tumkumbuke huyu kijakazi, hakuna anayeguna Sultani anapoamini uongo, hakuna anayejua mwisho akauficha mbele ya macho yetu. Familia imelazimika kujazia: mama mkubwa aliyeisoma hadithi nzima kwenye simu anakaa kwenye kochi, na yeye hafichi chochote.

Kuna picha nataka kuisikia ikitafsiriwa kwa mtindo wa kibanda kabla kibanda hakijasahaulika: 12 Angry Men, ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957. Ni watu kumi na wawili ndani ya chumba kimoja chenye joto, wanaamua kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia. Kumi na mmoja wanasema anayo, mmoja anasema tuzungumze kwanza. Ni dakika tisini na kitu za maneno matupu. Kila ninayemwambia huniona nimechanganyikiwa, lakini fikiria. Kwanza itabidi aeleze kwamba hawa si wazee wa baraza wa mahakama zetu, ambao hutoa maoni na jaji akawa na hiari ya kuyaacha. Hawa wakisema hana hatia, kijana anakwenda nyumbani. Pili, wale watu hawaitani kwa majina mle chumbani, wana namba tu, na kubatiza ndiyo kazi ya watafsiri wetu: yupo Miwani asiyetoka jasho, yupo Mafua, yupo mwenye tiketi ya mpira anayetaka kuwahi uwanjani, yupo Babu, yupo yule mwenye picha ya mwanawe kwenye pochi. Na tatu, yule mbishi mmoja mwenye suti nyeupe ameingia chumbani na kisu mfukoni, kisu kinachofanana na kile cha ushahidi, na hakitoi mpaka wenzake wameshikilia kwamba kisu kile hakina mwenzake. Mtafsiri atakijua kile kisu tangu wanaketi.

Nilimweleza fundi mmoja ninayemfahamu, mzee sasa, bado anarekodi moja moja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza wanapigana mara ngapi. Nikamwambia hawapigani, kuna mmoja tu anayemrukia mwenzake akisema atamuua, na wanamshika kabla hajamfikia. Akafikiri kidogo, akasema huyo ndiye atakayemweka kwenye tangazo.